Kinanda cha Sindano

Dada Rukia,

Sikuiti mpendwa. Neno hilo nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata, na sitaki kuharibu karatasi ya tatu kwa ajili yako.

Naandika kwa Kiswahili. Unajua shuleni kwetu ni Kiingereza asubuhi na Kiarabu baada ya mapumziko, na mwalimu anasema insha zangu za Kiingereza zina upole. Ndiyo shida yenyewe. Kwa Kiingereza mimi ni mtu wa adabu, na kwa Kiarabu najua kuomba dua na kuulizia bei ya nyanya. Kugombana nilijifunza kwako, kwa lugha yetu, tukivutana mto mmoja kwenye kitanda kimoja pale Karama, Dubai. Kwa hiyo pokea hasira zangu kwa lugha uliyonifundishia.

Kwanza nitasema mazuri yako, yaishe.

Ulikuwa mdomo wangu. Nakumbuka yule mama wa Kihindi wa ghorofa ya tatu alipoinama ndani ya lifti akaniuliza jina langu. Mimi nikaingia nyuma ya begi lako la shule, na wewe ukamjibu kwa sauti ya mkubwa: “Anaitwa Amina, ana miaka sita, haumwi, ndivyo alivyo.” Lifti nzima ilicheka. Mimi nilikushika mkanda wa begi mpaka tulipofika. Kwenye bakala, kile kiduka cha chini, wewe ndiye uliyeniombea maziwa. Wale wasichana wa darasa la tatu walipoanza kuniiga navyotembea nimeinamisha kichwa, uliwafuata hadi kwenye basi lao, na sijui uliwaambia nini, ila kesho yake walinipa nusu ya mkate wao. Ukaniita Bubu. Watu wengine wangeniita hivyo ningelia. Wewe ukiniita lilikuwa na sukari.

Hayo ndiyo mazuri. Yameisha.

Sasa tuje kwenye kinanda.

Bibi alikuwa na namna ya kukisimulia, na wewe ulikuwa unamkatiza kwa sababu ulishaisikia hadithi. Mimi sikuwahi kumkatiza. Babu alikuwa mpishi wa meli. Akakinunua kwa muuza vitu vya kale katika bandari moja ya Wafaransa, kikiwa tayari kizee kuliko yeye, akidhani ni mchezo wa mtoto: piano ya mti wa kahawia unaong’aa, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, ina miguu yake mifupi na meno yake meupe na meusi ya mfupa. Bibi akabonyeza jino la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akabonyeza yote mpaka mwisho. “Nikamwambia babu yenu, mume wangu, umeibiwa. Umeniletea piano iliyokufa.” Babu akaona haya akatoka kwenda msikitini kabla ya wakati. Ndipo Bibi akainua kifuniko apanguse vumbi, na muziki ukatoka wenyewe, mdogo, kama mtu anayegonga glasi kwa kucha. Ndani ya kifuniko kioo cha kujitazamia. Chini ya kioo mahameli ya rangi ya zabibu, na juu ya mahameli, kila kimoja katika kitanda chake: mkasi, subana, kitobolea, kibweta cha sindano, vyote vina vipini vya gamba la chaza. Haikuwa piano hata kidogo. Lilikuwa sanduku la mshonaji. “Babu yenu,” Bibi alimalizia kila mara, “alitoka kuninunulia mchezo akaninunulia kazi.”

Na sharti la Bibi ulilijua kama mimi. Kinanda hakirithiwi kwa kuzaliwa kwanza wala kwa kupendwa. Anakichukua msichana atakayemaliza kofia yake ya kwanza ya vito, ile ya vishimo vinavyozungushiwa uzi, kuanzia kuchora penseli mpaka kuunganisha duara la juu na ukanda wa pembeni, bila mkono wa mtu mwingine. Ndivyo Mama alivyokipata, na mamakubwa akanuna mwaka mzima. Kwetu sisi wawili Bibi alianza likizo ile ile, siku ile ile. Alitukalisha kitandani kwake Mombasa, akatupa kila mmoja kipande cha kitambaa cheupe na sindano. Wewe ulishona vishimo vinne, ukajichoma, ukaitupa sindano, ikaangukia kwenye sufuria ya wali, na siku hiyo nyumba nzima ilikula wali kwa kuutafuna polepole. Mimi niliendelea. Bibi hakunisifu. Aligeuza kitambaa upande wa ndani, akaangalia mafundo, akanirudishia. Kwa Bibi hiyo ilikuwa sifa.

Bibi alipofariki Mama alikipakata kinanda, kilichokuwa kimebaki kwa Bibi, kwenye ndege mpaka Dubai, akakataa kukiweka juu kwenye mabegi. Akakiweka kabatini akasema: “Kinasubiri.” Aliniangalia mimi aliposema hivyo. Najua aliniangalia mimi.

Nilikuwa nusu ya duara la juu siku Bi Zuhura alipopiga simu ya picha.

Hebu tuikumbuke vizuri siku hiyo, kwa sababu najua unavyopenda kusahau. Ulikuwa umetoka kazini hotelini Garhoud, bado umevaa koti la mapokezi, umekaa kwenye kochi umenyoosha mgongo kwa ajili ya mamamkwe mtarajiwa. Mimi nilikuwa sakafuni miguuni pako, nje ya picha, nashona. Bi Zuhura akasema salamu zake, akauliza afya ya kila mtu, kisha akasema lile lililomleta.

“Mwanangu, kwetu bibi harusi humshonea bwana wake kofia ya nikaha. Kwa mkono wake. Hizi za mashine sizitaki kichwani mwa mwanangu, hata akinihonga.”

Wewe hukupepesa jicho. “Mbona nishaianza, mama!”

“Ushaianza?”

“Hii hapa.”

Ukainama ukaichukua kofia yangu mikononi mwangu. Hukuomba. Hukuniangalia. Uliiinua mbele ya simu, na uzi ulikuwa bado haujakatwa, Rukia! Uzi ulitoka kwenye ile kofia uliyoishika juu, ukashuka, ukaja mpaka kwenye sindano iliyokuwa kati ya vidole vyangu. Nilibaki nimeishika sindano juu hivi, kama mtu anayerusha tiara. Nikivuta, kofia inaondoka mkononi mwako mbele ya mamamkwe wako. Bi Zuhura akasema mashallah, mashallah, hebu nisogezee. Ukamsogezea. Mimi nikalegeza uzi ili ufike.

Hilo ndilo kosa langu, nami nalikiri: nililegeza uzi.

Simu ilipokatika ulinikumbatia kichwa kabla sijafumbua mdomo. “Mdogo wangu, nimeumbuka, niokoe. Wewe malizia tu. Harusi ikiisha namwambia Mama ukweli mwenyewe, kinanda unachukua. Kwani mimi nakitaka hicho kipiano cha kina bibi? Nikiweke wapi?”

Nikakuamini. Ulikuwa mdomo wangu. Nani hauamini mdomo wake mwenyewe?

Miezi sita. Nikitoka shule naweka begi, nala, nashona. Toboa, zungusha, zungusha, kaza, toboa. Mama alikuwa dukani akipunguza suruali za watu na kupinda mapazia, na mchana alirudi kupumzika; tulimwambia mimi kofia yangu imenishinda, nimeacha. Tukisikia ufunguo wake mlangoni, kofia ilikuwa inaruka kutoka pajani mwangu mpaka pajani mwako, na wewe unasema kwa sauti ya uchovu, “Amina, hebu nichemshie chai, vidole vinaniuma.” Na mimi naenda kuchemsha! Mama alisimama mlangoni akikutazama umeinamia kofia, na uso wake, sijui nikuelezeje. Mama angeweza kuujua mshono wangu hata amefumba macho. Lakini alitamani mno kuona yule aliyemshinda kumfundisha sasa amefunzika. Aliamini kwa sababu alitaka. Nimemkasirikia na yeye kwa hilo, ila zake ni barua nyingine.

Na zile simu za Ijumaa. Bi Zuhura anauliza, “Leo umetoboa vingapi, mkwe?” Wewe unanitupia jicho. Mimi sakafuni nainua vidole: kumi, kumi, saba. “Ishirini na saba, mama!” “Mashallah, mikono ya malaika.” Ukikata simu unacheka mpaka unalala kochini, na mimi nacheka pia. Ndiyo, nilicheka. Sitajifanya sikucheka. Ilikuwa kama mchezo wetu, wewe sauti na mimi mkono, kama lifti.

Harusi tuliifanyia Mombasa wakati wa likizo. Kofia ilimkaa shemeji kama ilizaliwa naye. Na kesho yake, katika mkusanyiko wa wanawake, mimi nikizungusha sinia la halua, Mama alisimama. Alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kitambaa. Nilijua umbo lake kabla hakijafunuliwa. Akasema habari za Bibi, akasema sharti, akasema kwamba mkono wa mama yake umepata mwenyewe. Kisha akakuwekea kinanda mapajani.

Vigelegele vilichukua muda mrefu. Bi Zuhura alikushika mikono akabusu, kimoja kimoja, vidole vile ambavyo havijawahi kutoboa kishimo cha tano. Mimi nilisimama na sinia. Nilikuwa nakusubiri. Naapa nilikuwa nasubiri mdomo wangu uongee. Nilisema moyoni, sasa ataangalia huku, sasa atasema “Mama, ngoja.” Ukaangalia huku. Ukanikonyeza.

Ukasema, “Asante, Mama. Nitakitunza.”

Kukonyeza! Kama vile tuko lifti bado. Mtu mmoja akanigusa bega, “Mwanangu, halua,” nikagundua nimeliinamisha sinia na vipande vinateleza.

Ulikitunza vipi? Wiki tatu baadaye, wewe umebaki kwa mumeo na sisi tumerudi Dubai, uliweka picha kwenye stetasi. Kinanda kimefunguliwa, na kwenye kitanda cha mkasi kuna lipstiki, kwenye kitanda cha kibweta kuna lipstiki, pini za mtandio zimemwagwa juu ya mahameli ya Bibi kama kokoto. Juu yake umeandika: “Kinanda changu.” Nilikuwa kwenye metro natoka shule. Nilishuka kituo kisicho changu, nikasimama tu.

Sikukuandikia. Siku zote nilikuwa nasema moyoni, atakumbuka. Badala yake ukanitumia ujumbe wa sauti, na ninao mpaka leo: “Mdogo wangu, salama? Sikiliza. Baba mkwe anakwenda Hija inshallah, na mama amekwishawatangazia watu wote kwamba mkwe wake atamshonea kofia. Nifanyie hii moja tu. Kitambaa nitakuletea kwa mkono wa mtu. Usimwambie Mama. Nakupenda, Bubu wangu.”

Nikasikiliza, sikujibu. Hukuuliza kwa nini.

Kisha akaja Dubai Bi Zuhura mwenyewe, kununua mabuibui kama kawaida yake, na Ijumaa Mama akamkaribisha chakula. Akaja na kinanda mkononi. Kimegoma kulia, alisema, na Rukia amesema Dubai hakuna kisichotengenezeka. Akakiweka mezani, mbele yangu, nikaona alama nyekundu ya lipstiki juu ya jino jeupe. Halafu akatoa mfuko wako. “Na hii zawadi ya mdogo mtu.”

Dada, wewe umeolewa katika nyumba ya mwanamke anayesafiri hivi tangu kabla hujazaliwa, na hujajua kwamba msafiri wa namna hiyo habebi mzigo wa mtu bila kuufungua? Hata wa mwanawe? Siku moja kabla ya ndege anakaa kitandani na mkasi, anafungua bahasha moja moja, anamwaga, ananusa, anarudisha. Mama hufanya hivyo. Kila mtu hufanya hivyo. Na wewe ukaficha kitambaa chini ya kachiri za muhogo na achari ukadhani umefika.

“Mwenyewe aliniambia nisiufungue,” Bi Zuhura alisema huku akicheka, “eti ni siri ya ndugu wawili. Nikamwambia, mwanangu, siri na polisi wa uwanja wa ndege hazipatani.” Akakitoa kitambaa, kimekunjwa mara nne, na kibunda cha uzi. Akakilaza juu ya meza. Akaacha kucheka. “Sasa nauliza. Kitambaa cha kofia, amekutumia wewe cha nini?”

Mama alikuwa na kijiko cha wali hewani. “Huyu? Huyu alishaacha kushona, ni Rukia anayeshona.”

“Namuuliza yeye.”

Unajua mimi nikiulizwa mbele ya wageni nakuwaje. Lakini nilikuwa na maneno, Rukia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni yote, kwa mpangilio: kofia ya nikaha niliishona mimi. Na kinanda kilikuwa pale, hatua moja ya mkono. Nilifumbua mdomo.

“Ni changu,” nikasema. “Nilimwomba. Najifunza upya.”

Hayo ndiyo yaliyotoka.

Bi Zuhura hakuridhika, au labda alifurahi, mimi uso wake siujui. “Haya, nioneshe ulipofika.” Akanisogezea kinanda. Nikatoa sindano katikati ya lipstiki zako, nikatia uzi. Mama ananiangalia. Mkwe wako ananiangalia. Nikatoboa tundu pana mno, makusudi. Nikavuta uzi mpaka kitambaa kikajikunja kama mdomo wa mzee asiye na meno. Nikaruka mshono, nikarudia, nikafunga fundo kubwa juu, upande wa kuonekana. Kushona ndicho kitu pekee ninachokijua duniani, na mimi nikakitia aibu mezani kwetu, mbele ya Mama, kwa ajili yako.

Bi Zuhura akakichukua, akakaza macho, akacheka kwa huruma. “Bidii ipo. Mwombe dada yako akufundishe, mwanangu. Yeye ana mkono.”

Nasema sijui kwa nini nilifanya vile, lakini huo ni uongo. Najua. Ulinijia vile ulivyokuwa ndani ya lifti, una begi kubwa kuliko wewe, unasema haumwi, ndivyo alivyo. Nikaona ni zamu yangu kukusemea. Basi. Nimelipa. Usinidai tena lifti.

Bi Zuhura alipoondoka, akatuachia kinanda tukitengenezee, nilikuwa jikoni naosha sahani. Mama akaja akafunga bomba.

“Amina. Nani alikufundisha kushona namna ile?”

Nikasugua sahani iliyokuwa safi tayari.

“Maana kushona vibaya namna ile kunataka mtu anayejua sana.” “Kofia ya nikaha?”

Nikaitikia kwa kichwa. Mama akakaa juu ya ndoo ya mchele. Nilidhani atanishika, atasema pole, atasema atapiga simu sasa hivi. Alikaa pale mpaka sahani zikakauka. Halafu akasema, “Mwenzio yuko kwa watu. Mshonee na hii, mwanangu. Khalas, yaishe. Mengine tutaona.”

Hata hilo umeniharibia. Umemfanya Mama ajue, na akijua, achague.

Kinanda nilikipeleka mimi kwa fundi wa saa, yule mzee mwenye miwani miwili nyuma ya kituo cha basi. Alikifungua chini, akachokoa kwa kibano, akatoa pini ya mtandio. Yako, yenye kichwa cha lulu bandia. Ilikuwa imejikwamisha kwenye meno ya muziki. “Nani anafanya hivi?” aliniuliza kwa Kiingereza. Nikamwambia, dada yangu. Akatikisa kichwa kama daktari. Akatia ule ufunguo mdogo wa chini, akauzungusha, kikalia. Nilikaa siku mbili na kinanda chumbani kwangu, na sikufichi: nilifikiria kusema hakijapona. Ningesema fundi anahitaji kifaa kutoka ng’ambo. Ningesema kimeanguka. Bi Zuhura angerudi kwao mikono mitupu na mimi ningekuwa nacho kabatini milele. Lakini hicho kingekuwa kitu nilichokiiba, kama wewe ulivyo nacho sasa. Mimi nataka kupewa. Nataka mtu aseme kwa mdomo, watu wakisikia: hiki ni cha Amina.

Ndiyo maana nilikuandikia juzi. Nilikupa nafasi, na Mungu shahidi yangu nilikupa kwa upole. “Ijumaa nilikuficha kwa mamamkwe. Mwambie mwenyewe kabla hajapanda ndege. Sishoni tena.” Mistari mitatu tu.

Ukajibu kwa sauti, na nyuma yako nasikia wenzako wanacheka. “Ati nini? Utasema wewe? Bubu? Utamwambiaje, kwa vidole?” Mkacheka wote. “Shona bwana, yalla, fanya haraka, siku nne zinakutosha.”

Kwa vidole. Ulikumbuka vidole, kumbe, ila miezi sita yangu umeifanya siku nne. Umewasimulia. Ule mchezo wetu wa Ijumaa umeufanya kichekesho cha sebuleni kwa watu, na bado hujawaambia ulikuwa wa nini.

Haya. Vidole hivi hivi ndivyo vilivyoshika kalamu.

Mama hajui kwamba naandika. Anadhani nashona; ameniona nimeinama amefurahi, akanifungia mlango taratibu. Kitambaa chako nakirudisha. Kina kishimo kimoja, kile kibaya, na mkwe wako anakijua kwa sababu alikaa akakitazama kikitobolewa. Ukianza, anzia hapo. Hutaweza kukifumua bila kuacha alama, nilihakikisha.

Na wewe Bi Zuhura, ukifika mstari huu, asalaam aleikum. Unisamehe kwa wali ule, nilikudanganya nikiwa nimekula chakula kimoja na wewe. Kofia aliyooa nayo mwanao ni mkono wangu, kishimo kwa kishimo. Ukitaka nikae mbele yako nikushonee nyingine uone, nitakaa, hata mkiwa watu kumi mnanitazama. Rukia usimrudishe kwetu. Mume wake anampenda kwa ajili yake, si kwa kofia, na hata mimi siku nyingine naweza nikampenda tena, ila si wiki hii. Mkalishe umfundishe. Ana kiburi lakini ana akili, na akichomwa atapiga kelele, usimhurumie. Mimi naomba kinanda tu.

Dada, najua sasa unalia au unatukana, au vyote. Usinipigie. Ukinipigia sitaongea, unanijua. Na usiseme nimekuvunjia nyumba. Sijavunja kitu, nimeacha kukishikilia, na kama kilikuwa kimesimama kwa mkono wangu hilo ulitakiwa uliseme tangu siku ile ya sinia.

Mchana huu Mama ananipeleka hotelini kwa Bi Zuhura kumrudishia vitu vyake. Lipstiki zako nimezifunga peke yake kwenye mfuko wa plastiki. Mkasi, subana na kitobolea nimevilaza kila kimoja kwenye kitanda chake. Karatasi hizi nazikunja mara moja, bila bahasha, naziweka juu ya mahameli, nafunga kifuniko. Bi Zuhura atatia ufunguo, atakiinua asikie kama fundi amefanya kazi ya maana. Wimbo unakwenda kama dakika moja hivi. Barua ni ndefu kuliko hapo. Itabidi atie ufunguo tena.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Amina